Chagua Mfululizo Utakaoumaliza

Anayeomba kupendekezewa riwaya za fantasia za kusoma katika likizo ya majira ya baridi hujibiwa karibu kila mara kwa majina makubwa: Tolkien, George R. R. Martin, Robert Jordan, Brandon Sanderson. Kwa ubora, majina hayo hayana ubishi. Tatizo ni kwamba anayejibu hajatazama kalenda. Kwa mwanafunzi aliyeko Toronto au mfanyakazi aliyeko Oslo, likizo ya mwisho wa mwaka ni wiki mbili hivi, na ndani ya wiki hizo kuna wageni, mapishi, simu za nyumbani zisizokwisha, na watoto ambao theluji imewafungia ndani. Hivyo kabla ya kuuliza mfululizo upi ni bora, inafaa kuuliza upi utafika mwisho kabla kazi hazijaanza tena. Swali hili linaonekana kama la ratiba tu. Nitajaribu kuonyesha kwamba kwa riwaya za fantasia, kuliko riwaya za aina nyingine, ni swali la fasihi yenyewe.

Tuanze na hesabu. Tuseme msomaji anasoma kwa Kiingereza, na Kiingereza si lugha yake ya kwanza, kwa hiyo anakwenda maneno 150 kwa dakika. Akipata saa tatu kwa siku, nazo si haba katika nyumba yenye watu, atasoma maneno 27,000. Kwa siku 12 atafikisha 324,000. The Lord of the Rings ina maneno karibu laki tano, kwa hiyo inamtaka siku 18. Vitabu vitano vya Martin vilivyokwisha kuchapishwa vinazidi milioni moja na nusu, yaani karibu miezi miwili. Vitabu 14 vya The Wheel of Time vinapita milioni nne: karibu miezi mitano ya saa tatu kila siku, bila kuugua wala kutembelewa. Vitabu vitatu vya kwanza vya Earthsea vya Ursula K. Le Guin, kwa upande mwingine, vyote pamoja havifiki laki mbili. Msomaji huyo huyo atavimaliza kwa wiki moja hivi na kubakiwa na nyingine ya kulala. Wengine husoma haraka zaidi, wengine polepole zaidi, lakini uwiano kati ya mifululizo hii unabaki ule ule.

Uwiano huo una maana kwa sababu fantasia humtoza msomaji kiingilio. Riwaya iliyowekwa Kariakoo haina haja ya kukueleza daladala ni nini wala kwa nini watu wanagombania siti; unaingia na ujuzi wako wote mfukoni. Fantasia inakupokea mikono mitupu. Kurasa mia za mwanzo zinakudai majina ya falme, nasaba za wafalme, namna sihiri inavyofanya kazi na inavyomgharimu anayeitumia, nani anamwogopa nani na tangu vita gani. Ndiyo maana vitabu hivi huja na ramani mbele na orodha ya majina nyuma. Kiingilio hicho hulipwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huvuja. Ukikwama katikati ya kitabu cha pili mwezi wa kwanza, kisha ukakirudia mwezi wa tano, utakuta humkumbuki aliyemsaliti nduguye wala kisa cha kumsaliti. Hapo utaanza upya, au utaendelea kwa kubabaisha. Hadithi za Sherlock Holmes hazimtesi msomaji hivyo, maana kila kesi hufunguliwa na kufungwa peke yake.

Kusahau hata hivyo ni nusu ya shida. Nusu ya pili, iliyo nzito zaidi, iko katika jinsi hadithi hizi zinavyojengwa: uzito wake huwekwa mwishoni. Chukua jambo moja katika The Lord of the Rings. Mapema kabisa, kabla safari haijaanza, Frodo, kijana atakayeibeba pete, anasikitika kwamba jamaa yake Bilbo alipata nafasi ya kumuua Gollum, kiumbe anayeitamani pete hiyo, akamwacha hai, na mchawi mzee Gandalf anamtetea Bilbo kwa huruma yake. Anayeishia kitabu cha kwanza ameona mzee akimpa kijana nasaha, basi. Anayefika Mlima Doom anamwona Frodo akishindwa, dakika ya mwisho, kuitupa pete aliyoibeba njia nzima, na anaona kazi ikikamilika kupitia Gollum yule yule aliyeachwa hai. Hapo ndipo mazungumzo ya kurasa za mwanzo yanapata maana yake. Tolkien mwenyewe aliutetea mwisho wa namna hii katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu ngano: aliona kwamba kazi ya juu kabisa ya hadithi hizo ni ule mgeuko wa ghafla wa furaha, unaokuja pale matumaini yalipokwisha kukatika. Kama alikuwa sahihi, na nadhani alikuwa, basi aliyesoma theluthi mbili za fantasia hajapata theluthi mbili za kitu kile. Amelipa kiingilio akatoka kabla ya pazia kufunguliwa.

Atakayepinga atasema kungoja nako kuna raha yake, na kwamba wasomaji wa kwanza wa Tolkien pia walingoja: kitabu cha kwanza kilitoka Julai 1954, cha pili Novemba mwaka huo, cha tatu Oktoba 1955. Ni kweli, lakini tuangalie walichokuwa wakikingoja. Tolkien alikuwa amekwisha kuiandika hadithi hadi mwisho mwaka 1949. Mchapishaji aliigawa kazi hiyo moja mara tatu kwa sababu karatasi ilikuwa ghali baada ya vita, na hakuwa na hakika kama ingeuzika. Mwisho ulikuwapo tayari. Uliosubiriwa ulikuwa mtambo wa kuchapa. Martin alianza A Song of Ice and Fire mwaka 1996, kitabu cha tano kikatoka 2011, na cha sita bado. Patrick Rothfuss alitoa cha kwanza 2007 na cha pili 2011; cha tatu, ambacho ndicho cha kufungia, hakijaonekana. Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990, akafariki 2007 kabla ya kuimaliza, na Sanderson akaikamilisha kwa kutumia maandiko na maelezo aliyoyaacha marehemu, kitabu cha mwisho kikatoka Januari 2013. Sidai kwamba mwandishi ana deni kwa msomaji. Mtu huandika kwa pumzi yake. Ila mwenye wiki mbili tu za mapumziko ana haki ya kuchagua hadithi ambayo mwandishi wake alikwisha kujua inakwenda wapi.

Tukikubaliana hapo, kalenda inatusaidia kwa njia ya pili pia. Nchi za kaskazini zina mazoea ya zamani ya kuhusisha usiku mrefu na hadithi za ajabu. Dickens aliandika kisa chake cha mizuka ya Krismasi mwaka 1843 kwa wasomaji waliokwisha kuzoea visa vya mizuka msimu huo. Iceland, vitabu vipya humiminika miezi ya mwisho wa mwaka na watu huvipeana mkesha wa Krismasi, desturi iliyoshika mizizi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale bidhaa nyingi kutoka nje zilipobanwa na karatasi ikabaki kupatikana kwa urahisi kuliko nyingine. Ndani ya mazoea hayo wako waandishi waliotega hadithi zao kwenye tarehe zenyewe. Kundi la Tolkien linaondoka Rivendell tarehe 25 Disemba. Tarehe hiyo haitajwi kwa kelele, unaikuta kwenye jedwali la matukio mwishoni mwa kitabu. Na yuko mmoja aliyeufanya msimu huu kuwa mwili mzima wa hadithi, Susan Cooper.

The Dark Is Rising, kitabu chake cha mwaka 1973, kinaanza tarehe 20 Disemba katika bonde la mto Thames. Will Stanton, kitinda mimba wa nyumba yenye watoto wengi, anatimiza miaka 11 kesho yake. Cooper hatumii radi wala joka kututia hofu. Sungura wa Will, waliomzoea, wanajikunyata akiwakaribia. Redio inakwaruza kila apitapo karibu nayo. Kunguru wa msituni wanafanya vurugu isiyo ya kawaida. Jioni hiyo vitu vitatu vidogo vya kila siku vimekataa kuwa kama vilivyokuwa jana, na hakuna aliyetamka neno sihiri. Kisha theluji inaanza. Kuanzia hapo baridi yenyewe ndiyo silaha ya Giza, nguvu ovu ya hadithi hii: inazidi siku hadi siku, barabara zinafunga, na wanakijiji wanahamia jumba kubwa la mwenye ardhi ili wasife kwa baridi, huku Will akitafuta alama sita anazopaswa kuziunganisha. Hadithi inafungwa siku za mwanzo za Januari, msimu wa Krismasi unapomalizika kwa hesabu ya zamani ya Waingereza, ya siku kumi na mbili. Kwa hiyo msomaji anaweza kutembea nayo tarehe kwa tarehe. Mwaka 2017 mwandishi Robert Macfarlane na mshairi Julia Bird waliwaalika watu kufanya hivyo hasa, na wakaitikia wasomaji wa nchi nyingi. Mfululizo wenyewe una vitabu vitano, vilivyotoka kati ya 1965 na 1977. Cha kwanza ni kisa cha watoto wanaosaka hazina wakati wa kiangazi, kizuri lakini chepesi. Ningeanza na cha pili bila wasiwasi, maana hakimtegemei sana mtangulizi wake.

Kuna pingamizi linalotoka kwa watu wenye kazi, nalo halihitaji maneno mengi. Waswahili wengi wa ughaibuni huingia zamu mwezi wa Disemba, wodini, kwenye nyumba za wazee, kwenye maghala ya vifurushi, ili wengine wapumzike. Kwao saa tatu za kusoma ni ndoto. Hilo linatia nguvu hoja ya ufupi, na vilevile linafungua mlango wa kusikiliza. BBC World Service ilikitoa kitabu hiki cha Cooper kama mchezo wa redio wa sehemu 12 mwaka 2022, na mifululizo yote ninayoitaja hapa inapatikana ikiwa imesomwa kwa sauti. Kwenye basi la alfajiri, sehemu fupi inatosha.

Anayetaka kitu kipana zaidi kuliko Cooper, na bado kilichomalizika, amwendee Philip Pullman. His Dark Materials ni vitabu vitatu, vya 1995, 1997 na 2000, na urefu wake unazidi kidogo kipimo cha siku 12 nilichokiweka. Atakayeanza mapema atafika. Katika ulimwengu wa Lyra, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, roho ya kila mtu hutembea nje ya mwili kwa umbo la mnyama. Ya mtoto hubadilika kila dakika, sasa nondo, sasa paka, na ya mtu mzima hutulia kwenye umbo moja asiloweza kulibadilisha tena. Sheria hiyo inatajwa mwanzoni kama pambo la kupendeza. Kitabu cha tatu ndicho kinachoonyesha kwamba lilikuwa swali zima la riwaya: mtu hupoteza nini, na hupata nini, anapokuwa mtu mzima. Kitabu cha kwanza kinampeleka Lyra hadi Svalbard, visiwa ambako jua halichomozi kwa zaidi ya miezi mitatu kila mwaka, kwa dubu wanaofua deraya zao wenyewe na kuziona kuwa ndizo roho zao. Kuandika kuhusu ulimwengu wa barafu si kazi ya mtu aliyelelewa humo tu: Pullman aliishi sehemu ya utoto wake kusini mwa Afrika, na baba yake, rubani wa jeshi la anga la Uingereza, alifia Kenya kwa ajali ya ndege mwaka 1954. Kitabu cha mwisho kilipata tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka, cha kwanza cha watoto kuipata. Jambo hilo lawajibu wanaosema fantasia ni ya watoto kwa namna ambayo hoja zangu hazitaweza.

Kwa msomaji mtu mzima anayependa historia, pendekezo langu lingekuwa Katherine Arden, ambaye vitabu vyake vitatu vilitoka kati ya 2017 na 2019 na vinahusu nchi ya Rus ya karne ya 14. Cha kwanza, The Bear and the Nightingale, kinazunguka jiko kubwa la matofali ambalo familia hulala juu yake usiku wa baridi. Ndani ya nyumba anaishi pia mzimu mdogo wa nyumbani, anayewekewa mkate ili ailinde familia. Kasisi kijana anatoka Moscow, anahubiri kwa sauti nzuri na kwa hofu, na watu wanaacha kuweka mkate. Mizimu inadhoofika, majira ya baridi yanakuwa makali kuliko kawaida, na wafu wanaanza kutoka makaburini. Vasya, binti wa nyumba hiyo, anaiona mizimu na kuilisha kwa siri. Mama yake wa kambo anaiona vilevile, ila anaamini ni mashetani, na hofu hiyo inamla. Hapo ndipo Arden anaponishinda kwa ufundi: wanawake wawili wana kipaji kimoja, na imani tu ndiyo inayowatenganisha. Msomaji aliyekulia mahali ambapo msikiti au kanisa na mizimu ya mahali vimeishi ua mmoja kwa mabishano hatahitaji maelezo. Kitabu cha tatu kinaishia kwenye vita halisi vya Kulikovo vya mwaka 1380, na mwisho huo wa kihistoria unakipa kisa kufuli ambalo mifululizo mirefu haipati.

N. K. Jemisin naye aliumaliza mfululizo wake wa Broken Earth ndani ya miaka mitatu, 2015 hadi 2017, na kila kitabu kikapata tuzo ya Hugo, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyelifanya kabla yake. Majira ya baridi humo yanaletwa na majivu ya volkano na hudumu miaka. Ni kazi bora. Lakini inaanza na mama aliyekaa na maiti ya mwanawe, na mtu aliyechoka na mwaka mzima asijilazimishe kuifungua Disemba.

Itaulizwa pia: na sisi tulioko Tanga au Mombasa, ambako Disemba ni jua kali na upepo wa kaskazi? Sehemu ya pili ya hoja yangu, ya tarehe na theluji, haiwahusu sana. Ya kwanza inawahusu sawasawa, maana likizo ni likizo. Wala fantasia si mgeni kwetu. Shaaban Robert aliweka nchi nzima hewani katika Kusadikika, 1951, na majini katika Adili na Nduguze, 1952. Vitabu hivyo vinasimama kimoja kimoja, husomwa kwa siku moja au mbili, na vinaweza kutangulia mfululizo wowote nilioutaja.

Ningelazimishwa kuchagua mmoja, ningewapa Wapwani na wa ughaibuni sawa Earthsea ya Le Guin. Ni dunia ya visiwa, mashua na biashara, ambako mwenye sihiri huajiriwa chomboni ili alete upepo tangani, na anaonywa kwamba upepo ulioitwa hapa umeibwa kwingine. Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, ana ngozi ya kahawia, na wengi wa wakazi wa visiwa vile ni weusi au maji ya kunde. Weupe ni wavamizi wa kutoka mashariki. Le Guin aliandika hivyo mwaka 1968. Wachapishaji walimchora Ged mweupe kwenye majalada kwa miaka mingi, na filamu ya televisheni ya mwaka 2004 ikampa mwigizaji mzungu, jambo ambalo Le Guin alilipinga hadharani kwa maandishi. Kitabu cha kwanza kinamfuata Ged akikimbizwa na kivuli alichokifungulia mwenyewe kwa majivuno ya ujana, na safari ya mwisho ya kukikabili inaangukia wakati wa siku fupi kuliko zote mwakani, baharini, kupita kisiwa cha mwisho kilichoko kwenye ramani.

Mkali wa hoja atanishika hapa: mfululizo huu nao haukuisha. Le Guin alifunga kitabu cha tatu mwaka 1972, akarudi na Tehanu mwaka 1990, kisha vitabu viwili zaidi mwaka 2001. Ni kweli, lakini hakuna aliyesoma vitatu vya kwanza miaka ile 18 akabaki ananing'inia. Kila kimoja kina mwisho wake kamili, na cha tatu kinafunga maisha yote ya Ged kama mwenye sihiri. Tehanu ni mwandishi wa umri wa makamo akibishana na kazi yake ya ujanani, akiuliza wanawake wa visiwa vile walikuwa wapi wakati wanaume wakijifunza sihiri shuleni Roke. Ubishi huo unahitaji msomaji ambaye vitatu vya kwanza vimekwisha kumtulia, kwa hiyo ningeuacha hadi likizo nyingine. Toleo lenye michoro ya Charles Vess, la mwaka 2018, limekusanya vyote sita katika kitabu kimoja. Linapendeza mezani, lakini ni zito mno kushikwa kitandani chini ya blanketi. Kwa huko, tafuta nakala ndogo za kimoja kimoja.